Bolti Isiyo na Namba

“Pandisha,” alisema Fundi Ulimboka.

Ashrafu alivuta mnyororo wa winchi kwa mikono miwili. Winchi ikalia ka-ka-ka-ka, na injini ya Landrova ikaanza kuinuka taratibu kutoka kwenye rundo la matairi chakavu ilikokuwa imelazwa tangu wiki iliyopita.

“Simama.”

Ashrafu akaacha kuvuta. Injini ilining’inia hewani, kiganja kimoja tu juu ya matairi. Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi ya gereji ile ndogo ya Mikumi, pembeni mwa barabara kuu ya kwenda Iringa. Kitu kizito kiliinuliwa kwanza kiganja kimoja, kikaachwa hapo, na watu wote wakanyamaza. Fundi Ulimboka alisikiliza huku ameinamisha kichwa. Alizoea kusema kwamba chuma kilichochoka hulalamika kabla hakijakatika, ila watu wana maneno mengi hawakisikii.

Bibiana, binti yake wa darasa la sita, alisimama mbele ameshika kamba iliyofungwa kwenye injini. Kazi yake ilikuwa kuizuia isizunguke. Macho yake hayakuwa kwenye injini yote. Yalikuwa kwenye kitu kimoja, nacho ni bolti iliyoshika mnyororo upande wa nyuma.

Yeye peke yake alijua kwamba bolti ile haikustahili kuwa pale.

“Haya, imeshika,” alisema Mzee Mwinshehe, mwenye gari. Alikuwa amekaa juu ya kreti la soda lililogeuzwa, fimbo katikati ya magoti. “Tuendelee, Fundi. Leo nataka kulala kwangu Kilosa, na niende na gari langu mwenyewe.”

“Utafika, mzee.”

“Hii Landrova nimeinunua, wewe Ashrafu, hata baba yako hajaota ndevu.”

“Ndiyo maana inakohoa, mzee,” alijibu Ashrafu, na wote wakacheka isipokuwa Bibiana.

Ashrafu alikuwa kijana aliyemaliza ufundi wake hapohapo gereji, naye hakuishiwa utani. Alimgeukia Bibiana. “Bibi, mbona leo umenuna hivyo? Au injini imekukosea?”

“Hapana, kaka.”

“Basi cheka kidogo, isije ikaogopa.”

Bibiana alijaribu kutabasamu, akashindwa.

Shuleni kwao kengele ilikuwa ringi ya gurudumu la lori iliyoning’inizwa kwenye nguzo, na Bibiana ndiye aliyekuwa kiranja wa kengele. Chuma cha kugongea kilipotea, akawa anagonga kwa jiwe. Jiwe halikutoa mlio. Wenzake wakamcheka kwamba kengele yake imeshikwa na mafua. Jumatatu, kabla ya kwenda shule, alifungua kiroba cha vifaa vya kunyanyulia, akachukua bolti moja kati ya mbili nene ambazo baba yake alizitunza kuliko spana zake zote. Siku hiyo kengele ililia mpaka sokoni. Hakuna aliyecheka tena.

Jumatano aliiacha bolti chini ya nguzo akaenda kupanga foleni ya uji. Aliporudi hakuiona. Aliambiwa kwamba mwokota vyuma chakavu alikuwa amepita na mkokoteni wake.

Jioni hiyo angeweza kumwambia baba. Alifika mpaka mlangoni. Halafu akakumbuka maneno ya baba: “Bolti hizi mbili hazina kazi nyingine duniani. Zinabeba injini, basi.” Akarudi nyuma. Akachakura ndani ya kopo la vyuma vya zamani, akapata bolti iliyotoka kwenye kitanda kibovu cha chuma. Urefu ulikuwa uleule, na unene uleule. Tofauti ilikuwa kichwani tu. Bolti ngumu za baba zilikuwa na namba zilizochongwa juu ya kichwa, alama ya kuonyesha kwamba zimetengenezwa kwa kubeba uzito. Hii ya kitanda ilikuwa na kichwa kitupu, laini kama shilingi iliyochakaa. Bibiana aliipaka grisi, akaongeza vumbi, akaipaka tena, mpaka kichwa kikawa cheusi na hakuna awezaye kujua kama kina namba au hakina.

Na leo asubuhi baba aliuliza, “Bibiana, vifaa vya kunyanyulia viko sawa?”

“Viko sawa, baba.”

“Bolti zote mbili?”

“Zote mbili.”

Baba alizifunga huku Mzee Mwinshehe akimsimulia mambo ya reli, maana mzee huyo alikuwa mstaafu wa reli na hakuwa na hadithi fupi. Baba hakufuta grisi. Hakuwa na sababu ya kufuta.

“Pandisha,” alisema Fundi Ulimboka sasa.

Ka-ka-ka-ka. Injini ilipita usawa wa magoti ya Bibiana, ikapita kiuno. Ilikuwa na uzito wa magunia mawili ya mahindi, lakini hapo juu, katikati ya mabomba matatu ya chuma yaliyosimamishwa kama mafiga marefu, ilionekana nyepesi. Bibiana akaanza kujifariji. *Imeshika kiganja cha kwanza. Imeshika mpaka hapa. Labda itashika mpaka mwisho. Ikishaingia bolti nitaitoa usiku, nitaitupa, na mimi sitarudia tena.*

“Simama. Leteni gari.”

Ashrafu aliyasukuma matairi chakavu pembeni kwa bomba refu, kisha yeye na Mzee Mwinshehe wakaisukuma Landrova kwa nyuma. Ilikuja polepole, boneti imetolewa, rejeta imetolewa, mdomo wake wazi, ikaingia chini ya injini. Fundi Ulimboka aliyazuia magurudumu kwa mawe, kisha akachukua winchi yeye mwenyewe. Injini ikaanza kushuka ndani ya gari.

Wakati huo lori la makontena la kwenda Zambia likapita barabarani kwa kasi. Ardhi ikatetemeka. Mabomba matatu yakatetemeka, na injini ikayumba, kidogo tu, kama mtu anayetikisa kichwa kukataa.

Bibiana akaikaza kamba. Alipotazama tena bolti ya nyuma, aliona imebadilika. Kichwa cha bolti hakikuwa kimekaa wima tena. Kilikuwa kimeinama. Grisi ilikuwa imepasuka pembeni, na mstari mwembamba wa chuma kipya, cheupe, ulionekana pale bolti ilipoanza kupinda.

“Imetosha,” alisema baba yake, akaacha kuvuta mnyororo. “Ashrafu, elekeza.”

Hii ndiyo iliyokuwa sehemu mbaya. Gereji ile ilikuwa na sheria kwamba hakuna anayepita chini ya kitu kinachoning’inia. Lakini injini ya Landrova haiingii yenyewe. Lazima ikutane na giaboksi sawasawa, na kwa hatua chache za mwisho lazima mtu aingize mikono katikati ya vyuma viwili aielekeze. Mikono hiyo ilikuwa ya Ashrafu. Alipangusa viganja kwenye suruali, akainama juu ya gari, akaingiza mkono wa kulia, halafu wa kushoto, mpaka kwenye viwiko.

“Taratibu, Fundi,” alisema. “Kidogo tu. Njoo kwangu, mama, usiogope.” Alikuwa akiongea na injini.

Pale gereji kulikuwa na maneno matatu tu ya kazi: pandisha, shusha, simama. Pandisha na shusha yalikuwa ya fundi peke yake. Neno simama lilikuwa la kila mtu. Hata mteja, hata mtoto, hata mpita njia angeweza kulisema, na kazi ingesimama bila kuulizwa. Bibiana alilijua neno hilo tangu hajaanza shule. Sasa alifungua mdomo na halikutoka. Aliona vitu vyote kwa pamoja: uso wa baba yake atakapojua, Mzee Mwinshehe atakavyosimulia Kilosa nzima, na mikono ya Ashrafu, iliyopotelea ndani ya vyuma.

Winchi ikalia mara moja. Ka.

“Simama!”

Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. Kuku wa jirani waliruka. Ashrafu alichomoa mikono kama mtu aliyeungua, na Fundi Ulimboka akauachia mnyororo hapohapo.

“Nini tena?” alifoka Mzee Mwinshehe. “Mtoto anatuchezea na jua linakwenda!”

“Mzee, subiri,” alisema Fundi Ulimboka. Hakupandisha sauti. “Bibiana. Umeona nini?”

“Bolti ya nyuma, baba. Si yenyewe.”

“Si yenyewe kivipi?”

“Ni ya kitanda.”

Fundi Ulimboka alisogea hatua moja, akaitazama bolti bila kuigusa.

“Maswali baadaye,” alisema. “Kwanza hii kitu irudi chini. Ashrafu, rudi nyuma. Mzee, nawe rudi nyuma.”

“Si uishushe humohumo ndani ya gari?” aliuliza Mzee Mwinshehe, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo.

“Bila mikono ya mtu haitakaa. Itaegemea upande, halafu bolti itakatika, na hapo itakwenda inakotaka yenyewe. Lazima gari litoke.”

“Nisukume kwa mbele?” aliuliza Ashrafu.

“Ukisukuma kwa mbele utakuwa umesimama chini ya injini. Funga kamba nyuma. Mtavuta.”

Ashrafu alifunga kamba kwenye chuma cha nyuma cha Landrova. Fundo lilimshinda mara ya kwanza, akalirudia. Fundi Ulimboka alitoa mawe kwenye magurudumu akiyavuta kwa chuma kirefu ili asijipenyeze karibu.

“Bibiana, achia hiyo kamba uondoke.”

“Nikiiachia itazunguka, baba. Itapiga gari.”

Baba alimtazama kwa muda mfupi. Ilikuwa kweli.

“Basi rudi nyuma mpaka ushike ncha yake. Hapo hapo. Usisogee hata nikikuita.”

Bibiana alirudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa ukuta wa mabati. Kamba ilikuwa ndefu na nyembamba kati yake na injini.

Shida ilikuwa moja. Injini ilikuwa imeshaingia ndani, chini ya ukingo wa mbele wa gari. Ili gari litoke, ilibidi injini ipandishwe tena kidogo ivuke ukingo huo. Ilibidi bolti ya kitanda ibebe tena uzito ambao ilikuwa imeshaukataa.

Fundi Ulimboka alisimama pembeni, mbali kadiri mnyororo ulivyomruhusu, akavuta.

Ka.

Akasubiri.

Ka.

Kichwa cha bolti kiliinama zaidi. Safari hii hata Mzee Mwinshehe alikiona. Alianza kusoma dua kwa sauti ya chini.

Ka. Ka.

“Imevuka,” alisema Fundi Ulimboka. “Vuteni. Polepole, msiishtue.”

Ashrafu na mzee walivuta. Landrova ilirudi nyuma shubiri moja, ikakwama, ikarudi tena. Lori jingine lilisikika likija kutoka upande wa Morogoro. Wote walilisikia. Fundi Ulimboka aliinua mkono, na hakuna aliyesogea mpaka lilipopita na mtetemo wake kwisha. Bibiana aliikaza kamba, akaihisi injini ikivuta upande wa pili kama ng’ombe mkaidi. Hakuiachia. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuwa na mkono wa kuyafutia.

Gari lilitoka. Ashrafu aliyarudisha matairi chakavu matatu chini ya injini, akiyasukuma kwa bomba lilelile refu.

“Sasa,” alisema Fundi Ulimboka, na akaanza kushusha.

Usawa wa kiuno. Usawa wa magoti. Winchi ililia taratibu, na baada ya kila mlio fundi alisubiri. Ilikuwa imebaki kama kiganja kimoja, pungufu kidogo, pale bolti ilipolia *ting’*, mlio mdogo, kama kijiko kilichoangushwa kwenye sahani. Upande wa nyuma wa injini ukaanguka juu ya matairi kwa kishindo. Mnyororo uliruka na kupiga bomba. Vumbi likapanda, likawafunika wote.

Lilipotulia, Fundi Ulimboka alishusha upande wa mbele uliobaki, akalegeza ndoano, kisha akauliza, “Kuna aliyeumia?”

Hakuna aliyeumia.

Mzee Mwinshehe alilitafuta kreti lake akakaa. Ashrafu alienda bombani, akanawa mikono. Aliinawa kwa muda mrefu, mbele na nyuma, kidole kwa kidole. Kisha akarudi akasimama mbele ya Bibiana. Utani haukuwepo tena usoni mwake.

“Uliniona nikiweka mikono?”

“Nilikuona, kaka.”

“Na ulikuwa unajua.”

“Nilijua.”

Ashrafu alitikisa kichwa, akaenda kukaa peke yake kwenye ngazi ya duka la jirani.

Bibiana alimweleza baba yake yote, palepale, mbele ya mzee: kengele, jiwe, foleni ya uji, mkokoteni wa vyuma chakavu, kopo, grisi. Hakuruka kitu. Fundi Ulimboka alisikiliza huku ameshika kipande cha bolti kilichokatika. Alikifuta kwa kitambaa mpaka kichwa chake laini kikang’aa, akakigeuza kwenye mwanga.

“Hii grisi uliipaka wewe?”

“Ndiyo, baba.”

“Sikiliza, mwanangu. Kupoteza bolti si kitu. Mimi nimepoteza bolti nyingi kuliko nywele zangu. Ungenijia Jumatano ningekukaripia, ungelia, tungekula ugali, na leo tungekuwa na bolti nyingine. Kinachoniuma ni hii grisi. Bolti ilipotea kwa bahati mbaya. Grisi uliipaka kwa makusudi, ukiwa umekaa chini, ukijua.”

Bibiana aliinamisha kichwa.

“Jumatano ukweli wako ulikuwa na uzito wa bolti moja,” baba aliendelea, akiongea polepole kama anayetafuta kila neno mahali lilipo. “Ukaufunika. Leo asubuhi ulikuwa na uzito wa bolti na uongo. Ulipofika pale juu, ulikuwa na uzito wa injini na mikono ya mtu. Ukweli ukicheleweshwa hauwi mwepesi. Unaongezeka. Lakini na hili ulikumbuke: ulipofika mahali ambapo ukweli ulikuwa mzito kuliko wakati wowote, uliusema. Wapo watu wazima ambao wangenyamaza. Kwa hiyo nitakuadhibu, ila mimi sitakufukuza kwenye kamba.”

Kisha akaongeza, “Na mimi nina langu. Nilikuuliza kwa mdomo kitu ambacho nilipaswa kukifuta na kukitazama kwa macho. Kumwamini mtu ni vizuri. Chuma hakiaminiwi, kinakaguliwa.”

“Maneno hayo,” alisema Mzee Mwinshehe, akiinua fimbo, “yangeandikwa karakana ya reli enzi zetu, tungekuwa na vidole vingi zaidi leo.” Akachomoa simu mfukoni, akaiweka mbali na macho kutafuta jina. “Pale Kilosa nina jirani, mstaafu mwenzangu. Ana sanduku la bolti ngumu, zina namba vichwani kama wanafunzi wa mtihani. Nitamwambia atume nne kwa basi la asubuhi.”

“Na wewe mzee, kulala kwako Kilosa?” aliuliza Fundi Ulimboka.

“Nitalala hapahapa. Mke wangu atasema nimeoa Mikumi. Acha aseme.” Alimtazama Bibiana. “Nilikufokea, mjukuu wangu.”

“Nilistahili, babu.”

“Kwa hilo la grisi, ndiyo. Kwa kusema simama, hapana. Kesho mkitoka kanisani mtanikuta hapa.”

Jua lilikuwa limeshaegemea upande wa milima. Fundi Ulimboka alikagua injini kwa tochi, akakuta sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, imebonyea kidogo. Ingehitaji kunyooshwa kabla ya kitu kingine chochote, na kazi hiyo ingekuwa ya Bibiana, kwa nyundo ya mbao, mpaka imalizike. Hiyo ndiyo iliyokuwa adhabu yake ya kwanza. Ya pili ilikuwa kwenda kwa mwalimu Jumatatu na kueleza kengele ilikuwa inagongwa kwa kitu gani.

Walianza kukusanya vifaa. Mnyororo ulitolewa, ukakunjwa, ukawekwa chini. Ndoano ya winchi ilibaki tupu, kwa sababu pale gereji hakuna kitu kilichoachwa kikining’inia usiku. Bibiana alileta turubai. Ashrafu aliinuka kwenye ngazi, akaja akashika upande wa pili bila kuombwa, na wakalitandaza juu ya injini wakiwa wawili.

“Fundi,” alisema Ashrafu, bila kumtazama Bibiana. “Kesho kamba inashikwa na nani?”

“Mikono ni yako. Sema wewe.”

Ashrafu alikaza ncha ya turubai chini ya tairi.

“Bolti nitazifuta mimi mwenyewe,” alisema mwishowe. “Zote. Na wewe utasimama hapo unanionyesha namba, moja moja, kwa kidole.”

“Sawa, kaka.”

“Halafu kamba ushike.”

Bibiana aliitikia kwa kichwa. Waliisukuma Landrova mpaka chini ya paa la mabati, mdomo wake ukiwa bado wazi, wakayazuia magurudumu kwa mawe, na Fundi Ulimboka akafunga geti.